Hodi Magofuni

Mwanangu Raya,

Mmetoka na mama yako kwenda sokoni Sib kutafuta halwa ya kuwapelekea watu wa Unguja, utadhani Unguja kumekwisha sukari. Mimi nimekataa kufuatana nanyi, nikasingizia goti. Goti halina neno. Nilitaka nyumba iwe kimya nikuandikie kabla shangazi zako hawajaja kukuaga, maana wakishaingia wale hapana mtu anayeweza kusikia hata mawazo yake mwenyewe.

Sitakwambia uvae nini, ule wapi wala ulale saa ngapi. Hayo mama yako ameshayasema mpaka kuta za nyumba hii zimeyahifadhi. Mimi nina jambo moja. Ijumaa iliyopita, pale kwenye kiwanja chetu cha gofu, tunapoanzia, ulipiga hodi na mimi sikukuitikia.

Wewe na mimi tunajua uzito wake. Garini ulikuwa umeshaniambia kwamba umeiacha kazi ya barabara, kwamba mkataba wa kule Unguja umetiwa saini, na kwamba utakwenda kutengeneza majumba ya mawe yaliyobomoka. Kisha ukasema, "Baba, nataka radhi zako." Nikakujibu, "Shuka, jua linapanda." Ukashuka. Ukaweka mpira juu ya kizulia, ukanyanyua uso, ukasema "Hodi," ukangoja. Tangu ulipokuwa hujafika kiunoni mwangu sijapata kuiacha hodi yako ikaning'inia. Neno langu ni lilelile siku zote: "Karibu, piga." Siku ile nikatazama majabali. Ukanitazama, ukapiga, na mpira ukaenda umenyooka kabisa, na hata huo sikuusifu. Wiki nzima tumekuwa tukizungumza habari za mabegi.

Barua hii ndiyo jibu lako. Lakini unanijua, silifikii jambo mpaka nilizunguke kwanza. Basi nivumilie nizunguke.

Binamu zako wakituona tunapiga hodi kwenye changarawe tupu huwa wanacheka, nawe huwaambia ni mambo ya Baba. Si mambo yangu, ni ya bibi yako. Kisa chake unakijua nusu.

Nilipoanza mchezo huu wewe hujazaliwa. Nilikuwa kijana, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Rusayl, na wenzangu wa kazini walikuwa wamejichongea kiwanja nyuma ya majabali: hapana jani hata moja, vishimo vichache tu na bendera za vitambaa vya magunia. Seif, yuleyule ami yako Seif wa leo, ndiye aliyenivuta. Siku ya mwanzo nilipita Sib kumwamkia mama, nikamwambia kwa majivuno:

"Mama, siku hizi nnacheza gofu."

Akaweka kikombe chini. "Unacheza wapi?"

"Gofu, mama. Kule nyuma ya Rusayl, na akina Seif."

"Khaa! Mtu mzima na kazi yake anakwenda kucheza magofuni? Hamuna kwengine?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Kwetu sisi tuliokulia Maskati neno lile lilikuwa mchezo wa kwenye televisheni. Kwake yeye gofu lilikuwa gofu, nyumba iliyohamwa, paa limeanguka, mijusi wamo ndani. Na hapa Omani hatuna upungufu wa magofu, kila penye mtende mkongwe pana ukuta wa udongo unaoporomoka. Kwa hiyo aliona mwanawe na wenziwe wamepata wazimu wa kwenda kuruka ruka humo.

"Mna wenyewe mule wasioonekana," akaniambia. "Usiingie tu kama ng'ombe. Piga hodi kwanza, usubiri."

Ningeweza kumfahamisha kwa sentensi moja, lakini nilikuwa na haraka, Seif anapiga honi nje. Nikasema, "Sawa, mama, nitapiga." Na kila Ijumaa nikirudi akawa ananiuliza, "Umepiga hodi?" Ili nisimdanganye mama yangu, nikaanza kuipiga kweli. Nasimama kwenye kizulia, nasema hodi, na Seif kwa kutaka kunicheka akajibu, "Karibu, piga!" Kicheko kikaisha, mazoea yakabaki. Hiyo ndiyo nusu unayoijua.

Sasa niache nizungumze habari ya vuli, maana nikikosa kuizungumza leo nitakuja kuizungumza na nani?

Skuli walikufundisha kwamba kwa Kiarabu msimu huu unaitwa kharif. Lakini hapa ukimtajia mtu kharif anawaza manyunyu ya Salalah, wakati sisi huku tunaokwa. Kwa hiyo msimu wetu ulio mzuri kuliko yote ulikuwa hauna jina, mpaka bibi yako alipoupa la kwao. Hapana mvua, hapana tope, lakini alfajiri moja alikuwa akitoka uani baada ya kusali, akivuta pumzi, akisema, "Vuli hiyo, imeingia," nasi tukizima viyoyozi. Hakupata kukosea. Mimi nikitoka nikavuta pumzi ileile sikuhisi kitu ila vumbi, na mchana wake shati haligandi mgongoni.

Raha ya asubuhi ile, mwanangu, sijui kama ipo nyingine. Unateremsha kioo cha gari tokea Ansab na upepo unaingia bila ya kukuunguza. Chuma cha fimbo, ambacho miezi yote ya joto hukishiki bila ya kitambaa, unakikuta baridi. Kivuli cha jabali kimelala juu ya kiwanja kizima, na wewe unacheza ukikifuata kinavyorudi nyuma. Mbuzi wa watu wanakatiza wakikutazama kwa dharau. Seif amechelewa, na akifika anasema ni foleni, siku ya Ijumaa, saa ambayo barabara nzima ina yeye na muuza maziwa.

Na mchezo wenyewe, ule wetu usio na adabu! Watu wenye viwanja vya nyasi wanapiga mpira wanajua utakapoangukia. Sisi tunaupiga vizuri, unagonga jiwe, unarudi kutusalimu. Nimeona mpira wangu ukienda kushoto kabisa, ukapiga mwamba, ukaja kulia mpaka karibu na bendera, na Seif akakataa kusema nami mpaka tulipofungua chupa ya chai. Ndiyo maana tunabeba vile vizulia vya majani ya plastiki kwapani: popote mpira ulipoanguka, hata katikati ya mawe, unatandika kizulia chako, unaweka mpira juu, unapiga kama mwenye kiwanja chake. Penye shimo hatuna nyasi laini, tuna duara la mchanga uliotiwa mafuta usipeperuke, na ukimaliza unaburura ubao ukafuta nyayo zako ili anayekuja alikute safi. Kazi hiyo ilikuwa yako. Ulikuwa ukiburura kwa ulimi nje, mduara baada ya mduara, na ole wake atakayekanyaga kabla hujatoka mwenyewe.

Kuna wakati niliiharibu raha hii kwa mikono yangu. Nilijitia kutaka kuwa bingwa. Nikenda Dubai nikanunua fimbo ambayo bei yake mama yako haijui mpaka leo, na ukimwambia nitakana. Nikawa natazama mafunzo kwenye simu, napima namna ya kusimama, namna ya kupinda kiwiko, naandika hesabu ya mapigo kwenye karatasi. Nikirudi nyumbani nimenuna. Na siku moja, kwa hasira, nikairusha fimbo ile ya Dubai, ikanasa juu ya mgunga, ikakaa hukohuko. Seif alikaa chini kabisa kwa kucheka. Mimi nikawa narusha mawe kuiangusha, huku nimefura, na wewe umesimama na ubao wako mkononi. Ukaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa ngapi:

"Baba, nani kakulazimisha?"

Nikaendelea kurusha mpaka fimbo ikaanguka. Jibu lako nalitafuta mpaka leo. Niliporudi nyumbani nikachana ile karatasi ya hesabu, na tangu hapo nacheza vibaya kwa furaha tele. Nakuandikia haya kwa sababu katika watoto wangu wewe ndiye uliyetoka na kichwa changu. Kitu ukikipenda unataka ukiweze siku hiyohiyo. Ukuta wa chokaa uliokwisha kuoza hautakusikiliza kwa sababu wewe una shahada. Utaujenga, utashuka, na mwengine itakubidi uubomoe kwa mkono wako uanze tena. Siku hiyo usibaki kazini umenuna. Jitafutie jambo moja usiloliweza, na watu wawili watatu wasiojali kwamba huliweza, ukacheke nao. Mimi yananitosha haya ya changarawe.

Nilipaswa kujua zamani utaishia wapi. Sisi tulikuwa tukitafuta mipira yetu ya rangi ya chungwa kwenye mawe, wewe unapanga mawe. Kila Ijumaa ulitujengea ukuta mdogo pembeni ya shimo, na Seif akawa anapiga kelele, "Raya, toa hilo boma lako, mpira wangu unapita hapo!" Nawe hukuutoa. Ulitaka kuona utaangukia upande gani. Ulipokuwa mkubwa ukaingia kazi ya barabara, nikafurahi, nikasema alhamdulillah, mshahara wa maana, ofisi ina baridi, nyumba si mbali. Kumbe barabara hazianguki kwa namna unayoipenda wewe.

Sasa nimefika kwenye nusu usiyoijua.

Unakumbuka siku tuliyomchukua bibi kiwanjani. Ilikuwa vuli, miguu yake imeshaanza kumsumbua, na ndiye aliyetaka mwenyewe. Tukamwekea kiti cha kukunja, mama yako kafunga vitumbua. Akatazama huku, akatazama huku.

"Liko wapi gofu?"

"Ndilo hili, mama. Ndiyo mchezo wenyewe huu."

"Mbona hata ukuta hapana?"

Seif ndiye aliyemweleza, mimi nikiwa nimeinama natafuta kitu kwenye begi ambacho hakikuwamo. Alipofahamu alicheka mpaka buibui likamporomoka kichwani. "Miaka yote hii namsomea mtu dua asipagawe, kumbe anapiga kijipira!" Kisha akadai fimbo. Akasema hodi, sote tukajibu, akapiga akiwa amekaa, na mpira ukaenda hatua chache ukasimama. Akasema umefika unapotakiwa. Wewe uliubeba mpira ule nyumbani. Mpaka hapo unajua.

Wakati wa kurudi nyinyi mlipanda gari la Seif, na yeye akapanda langu. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu aliponiambia, bila ya kunitazama:

"Nimeambiwa nyumba yetu ya Unguja imekuwa gofu."

Nikasema nimesikia.

"Basi mimi kila Ijumaa nikisema moyoni, mwanangu akipiga hodi kwenye gofu la watu, na letu nalo kule atapita mtu alipigie. Nikawa nafurahi. Kumbe hujapigia hata moja."

Hakulisema kwa lawama. Alikuwa bado ana kicheko mdomoni. Nikamwambia, "Vuli ijayo nitakupeleka, mama. Tutakwenda tukapige wenyewe." Akasema inshallah.

Vuli ikaja, na safari haina uzito, ndege inakwenda moja kwa moja. Mama yako akaniuliza, nikasema msimu wa gofu ndiyo kwanza umeanza, tungoje. Iliyofuata nikasema hivyohivyo. Nilikuwa na kitu ninachokipenda na kilikuwa karibu, kizuri, hakiniulizi kitu, nikakifanya kisingizio. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa. Nilitolewa kule mtoto mdogo, na nyumba ile kichwani mwangu ina paa, ina ngazi yenye giza, ina sauti ya mtu anayetwanga iliki. Sikutaka kwenda kusimama mbele yake nikaona mti umeota ukutani, na mama pembeni yangu akiuona. Nikamwacha akafariki hajauona, na nikajiambia nimemhifadhi.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Mimi nimeishi vizuri, nina mama yako, ninazo asubuhi zangu, na Mungu akipenda zitakuwepo nyingi. Nakuandikia ili ujue kwamba Ijumaa ile sikunyamaza kwa hasira. Mama yako alidhani ni ile kazi ya barabara, na wewe umedhani ni umbali. Ulipopiga hodi nilisikia sauti ya bibi yako kwenye kiti cha kukunja, nikakumbuka kwamba yeye hakukutuma, mimi sikukutuma, hukuwamo hata garini aliponiambia, na bado wewe ndiye unayekwenda. Nilikuonea wivu, Raya. Mwanangu mwenyewe. Nimeshaliandika, na sasa naona ni jambo la kuchekesha kidogo.

Ukifika, nyumba ataijua mjomba wa mama yako aliyebaki huko, atakuonyesha. Sijui kama imo katika hizo mtakazozitengeneza, na si lazima iwemo. Kama ni ukuta mmoja tu na paka, basi ni ukuta na paka. Usilie mbele za mafundi. Piga hodi, usubiri kidogo kama alivyotaka, kisha unipigie simu uniambie upande ulioangukia. Mimi nitakuja. Sisemi vuli ijayo, maana neno hilo nimelitumia vibaya. Tikiti nimekwishamwachia mama yako achague siku, na yeye hanisikilizi habari ya msimu.

Ile fimbo ya Dubai unaweza kuichukua, ina alama za mgunga lakini inapiga. Kizulia changu sikupi. Kesho Ijumaa, na nikishakuacha uwanja wa ndege na mama yako akishalia anavyotaka, nitakwenda kucheza, Seif ameshaambiwa asichelewe. Ndege za asubuhi zinapita juu yetu pale, unajua. Usijaribu kututafuta dirishani, sisi ni wadogo na kiwanja chetu kina rangi ya mawe. Lakini mimi nitakuwa nimesimama, na itakapopita nitajibu kwa sauti, Seif acheke anavyotaka.

Radhi zangu umezipata, zote, za huku na za kule, za leo na za siku nisizokuwepo. Sijabakisha kitu nikadai baadaye.

Na ile hodi yako ya Ijumaa:

Karibu, mwanangu. Piga.

Baba yako